Wekeni nyanya chungu mapema

Shikamooni walimu wangu, na wenzangu habari za asubuhi. Huu mfuko nimepita nao Mbuyuni sokoni, ndani kuna tambi zile ndefu, uzi, selotepu na nyanya chungu, basi.

Zoezi lenyewe la kujenga mnara wa tambi sikulibuni mimi, alilianzisha mbunifu mmoja, Peter Skillman, halafu Tom Wujec akalielezea kwenye hotuba yake ya 2010 likajulikana sana. Watu wanne, tambi 20, uzi na selotepu kama sentimeta 90 kila kimoja, dakika 18, mjenge mnara usimame wenyewe na juu kabisa ikae mashimelo moja, ile peremende laini kama sponji. Mimi mashimelo za darasa zima siziwezi, natumia nyanya chungu, zile ndogo kabisa, na kwa sababu bado ni nzito naongeza tambi wanazifunga tatu tatu.

Sasa Wujec aliona kwamba watoto wa chekechea wanawashinda waliomaliza masomo ya biashara chuoni, maana wakubwa wanapanga wee, wanagombania nani awe bosi, mashimelo wanaikumbuka dakika ya mwisho, wanaiweka tu, mnara chini. Watoto wanaanza nayo, inaanguka, wanarekebisha, inaanguka tena.

Ndio maana mimi ikifika dakika ya tano napiga kofi moja, kila kikundi kiweke nyanya juu ya chochote walichonacho.

Juzi darasa la nne, kikundi cha dirishani walikuwa na boksi la pembe nne, wakaweka nyanya, boksi likalala upande. Kijana mmoja akaanza kuwagombeza wenzake, na mimi jibu lilikuwa linanitoka mdomoni jamani, nikaenda kusimama mlangoni. Kuna binti pale, tangu Januari hajanyoosha mkono hata mara moja, akachukua tambi akaipitisha mshazari kona kwa kona, akafunga uzi, akalisukuma boksi kwa kidole taratibu. Halikulala. Yule kijana kimya, halafu akasema, "ee, weka na huku." Pembetatu haipindi kama pembe nne, na hilo sikulifundisha mimi.

Najua mtasema darasa lina watoto 80. Langu pia. Wanatoka vikundi 20, nusu wanajenga, nusu wanaangalia na kuandika walichokiona, kesho wanabadilishana.

Haya, sogezeni meza, kaeni wanne wanne, na wakuu wa shule naombeni msikae pamoja. Dakika 18, tuanze.