Rangi za Maji Juu ya Karatasi Isiyokunywa Maji

Ndugu wasanii wenzangu, walimu wangu na wanafunzi mliofika jioni hii licha ya mvua na foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nawashukuru kwa dhati. Nimeombwa nizungumzie majaribio yangu ya kuchora kwa rangi za maji juu ya karatasi ya sintetiki, na kwa ajili hiyo nimeweka mezani karatasi mbili ambazo kwa mbali zinafanana. Moja ni ya pamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyingine ni plastiki tupu. Naomba zipitishwe safu kwa safu, kila mmoja azishike, lakini ile ya plastiki ishikwe kwenye kingo tu, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Karatasi ya pamba ni nyuzi zilizoshikana. Kiwandani hutiwa jelatini ili isinywe maji kwa pupa, na jelatini hiyo ndiyo inayotupa dakika chache za kuisogeza rangi kabla haijatulia. Baada ya hapo maji hupenya katikati ya nyuzi yakiwa yamebeba chembe za rangi, na chembe hizo hunaswa humo. Tumezoea kusema kwamba rangi imekauka, ilhali yametokea mambo mawili kwa pamoja: sehemu ya maji imepanda hewani, na sehemu nyingine imezama. Katika karatasi ya sintetiki jambo la pili halipo kabisa. Maji hayana njia nyingine ila kupanda hewani, na rangi haina mahali pa kujificha. Kila nitakachowaeleza leo, uzuri wake na taabu yake, kinatokana na hapo.

Malighafi yake ni polipropilini, ambayo utafiti wa Giulio Natta huko Italia mwaka 1954 ulifungua njia ya kuitengeneza kwa wingi. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyompatia yeye na Karl Ziegler Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1963. Karatasi inayofahamika zaidi miongoni mwa wachoraji, Yupo, ina asili yake Japani, na mwanzoni kabisa ilikusudiwa kwa uchapaji, kama vile ramani na lebo zinazopaswa kustahimili maji. Sisi tuliiazima tu kutoka kwa wachapaji.

Msidhani kwamba polipropilini ni kitu kigeni kwenu. Mfuko wa sandarusi unaobebea mchele kutoka Kariakoo umefumwa kwa nyuzi za plastiki hiyohiyo. Neno lenyewe linanigusa sana, kwa sababu sandarusi ya asili ni utomvu mgumu wa mti wa pwani yetu, uliochimbwa ardhini na kusafirishwa ng'ambo kwa ajili ya kutengenezea vanishi. Jina la utomvu uliokuwa ukilinda kazi za mafundi wa rangi sasa limehamia kwenye plastiki, na mimi leo nachora juu ya plastiki hiyo.

Turudi kwenye rangi. Rangi ya maji ni chembe laini zilizochanganywa na gundi ya mgunga, ile ambayo kwa sehemu kubwa ulimwengu huipata Sudan, pamoja na kitu cha kuifanya isikauke mno, kama gliserini au asali. Gundi hii huyeyuka majini hata baada ya miaka. Juu ya pamba hatulihisi sana jambo hilo, kwa kuwa nyuzi zimekwisha kuzikamata chembe. Juu ya sintetiki, picha nzima ni utando mwembamba uliobandikwa kwa gundi inayoyeyuka, na kidole chenye jasho kinatosha kuiondoa.

Wengi wanaojaribu karatasi hii kwa mara ya kwanza huiacha baada ya siku moja, na chanzo ni kwamba huitendea kama karatasi. Hupaka tabaka la kwanza, husubiri, kisha hupaka la pili juu yake kama tulivyofundishwa wote. Brashi yenye maji huliamsha tabaka la chini, nayo mawili yanageuka tope. Nami nilipotea hivyo kwa majuma kadhaa. Nilichojifunza ni kuigeuza njia: naweka rangi nyingi kwanza, nzito na bila woga, halafu naichora picha kwa kuondoa. Nilipochora soko la samaki la Feri alfajiri, nililifunika anga lote kwa buluu na kahawia, nikaacha likauke, kisha kwa brashi bapa iliyolowa kidogo na kukamuliwa nikavuta mara moja kutoka chini kwenda juu. Tanga la mashua lilitokea, jeupe kabisa, lenye ukingo mkali. Sikulichora tanga lile, nililifuta. Weupe wa namna hiyo juu ya pamba hupatikana kwa kuuhifadhi tangu mwanzo, na ukishaupoteza hurudi kwa shida, ukiwa umefifia.

Kuondoa kuna ladha nyingi. Kijiti cha pamba hutoa duara laini, kama taa iliyo mbali. Kipande cha kanga kuukuu kikikandamizwa kwenye rangi mbichi huacha alama ya mfumo wake, na jani la mwembe huacha mishipa yake. Tone la spiriti likidondoka kwenye rangi ambayo bado inang'aa huisukuma pembeni na kufungua jicho lenye ukingo mweusi, kwa kuwa spiriti hupunguza mvutano wa uso wa maji mahali ilipoangukia na maji ya jirani yenye mvutano mkubwa zaidi huivuta rangi kuelekea kwake. Chumvi ya mawe, ambayo juu ya pamba hutengeneza nyota nzuri, hapa kwangu imefanya kazi kidogo sana, nami nimeacha kuitumia.

Uchaguzi wa rangi una uzito kuliko ninavyosikia ukisemwa. Buluu ya ultramarini ina chembe nzito zinazotua na kukusanyika, hivyo huacha punje zinazoonekana, na hufutika karibu yote. Buluu ya fthalo ina chembe ndogo mno, nayo huacha kivuli hata juu ya plastiki. Kwa hiyo mahali ninapojua kwamba nitahitaji mwanga, siiweki fthalo.

Sasa niseme juu ya mji wetu, maana hapa ndipo vitabu vya wageni visipotusaidia. Ikiwa maji yote sharti yapande hewani, basi hali ya hewa ni mshiriki katika picha. Mwezi Julai, kusi inapovuma, doa la ukubwa wa kiganja hukauka kwangu ndani ya muda wa kunywa chai. Wakati wa masika, hewa ikiwa imeshiba unyevu, doa hilohilo huweza kulala likiwa bichi hadi asubuhi, na usiku kucha chembe zinatembea, zinatengana, zinarundikana kingoni. Nilipoteza kazi nyingi kwa kulikasirikia jambo hilo, na safari moja nilileta mashine ya kukaushia nywele: upepo ulilitawanya dimbwi, nalo joto lilikunja karatasi, kwani polipropilini huanza kulegea muda mrefu kabla ya kufika nyuzijoto 160 inapoyeyukia. Siku hizi kazi za maji mengi nazifanya Aprili na kuziacha zijimalizie zenyewe, na kazi za mistari nazingoja kusi.

Hiyo sababu ya kushika kingo ni mafuta ya vidole. Pale penye alama ya kidole rangi hukataa kukaa. Kabla ya kuanza ninaiosha karatasi kwa sabuni kidogo, ninaisuuza, kisha siigusi tena usoni.

Wako wanaoniambia kwamba plastiki si uso wa kuchorea. Nawaomba wamkumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 katika mji huu kuchora kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya hadibodi, uso laini usio na hadhi yoyote sanaani wakati huo. Alifariki mwaka 1972, na miaka hiyo michache ilitosha kuzaa mtindo unaobeba jina lake. Tofauti yetu ni kubwa, kwani rangi yake ikishakauka haiyeyuki tena, lakini ujasiri wa kuuliza uso fulani unaweza nini tumeurithi kwake.

Swali zito zaidi kwangu ni la taka. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, nami natetea karatasi isiyooza. Jibu langu ni hili nililoshika: karatasi hii nimeiosha bombani mara kumi na moja, picha kumi na moja zilizoshindwa, na bado inachoreka. Isitoshe, karatasi za pamba nilizohifadhi chumbani Magomeni ziliota madoa ya kuvu katika masika mawili tu, ambapo hii haikuota doa.

Picha iliyofaulu lazima ilindwe. Ninainyunyizia vanishi ya akriliki kwa tabaka nyepesi sana, nikiwa nje penye hewa, nikiliacha kila tabaka likauke. Tabaka la kwanza likiwa zito, rangi hutiririka. Kisha naiweka nyuma ya kioo kisichoigusa.

Naona karatasi zimerudi mezani. Ndugu uliye karibu na swichi, naomba uzime feni zote mbili kwa dakika chache, tuvumilie joto, kwa kuwa nataka kumimina maji na dimbwi likae pale litakapoamua.