Akigoma mtumishi wa umma, nani ashike kazi yake?

Ndugu wasikilizaji, sheria ya Wagner ya mwaka 1935 inasifiwa sana Marekani kwa kuwapa wafanyakazi haki ya kujadiliana na mwajiri. Watumishi wa serikali hawamo. Wale wa serikali kuu walisubiri hadi Januari 1962, Rais Kennedy alipoutambua umoja wao kwa amri ya rais. Hata hapo mishahara mingi ilibaki kupangwa na Bunge, na kugoma kulibaki kosa la jinai.

Kwa hiyo historia ya vyama vya watumishi wa umma msiitafute kwenye sheria peke yake. Itazameni migomo iliyopigwa marufuku, mjiulize: nani angeweza kushika kazi ya waliogoma?

Boston, Septemba 1919, polisi zaidi ya 1,100 waligoma wakidai haki ya kuwa na chama. Mshahara ulikuwa duni, na sare walijinunulia wenyewe. Wote walifukuzwa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha, askari waliorudi hawakuwa na ajira, nafasi zikajazwa. Waajiriwa hao wapya wakapewa mshahara mnono zaidi na sare za bure! Gavana Calvin Coolidge, aliyewakatalia waliogoma kurudi kazini, miaka minne baadaye alikuwa Rais.

Posta ni habari nyingine. Machi 1970, mgawa barua alihitaji miaka 21 kufikia kilele cha mshahara wake, na New York wapo waliokuwa na kipato cha chini kiasi cha kustahili msaada wa serikali. Wabunge, kwa upande wao, mwaka uliotangulia walikuwa wamejiongezea mishahara kwa asilimia 41. Mgomo ukaanzia New York, viongozi wa kitaifa wa vyama wakiupinga, ukasambaa hadi kufikia wafanyakazi kama 200,000. Rais Nixon akapeleka wanajeshi wachambue barua. Hawakufua dafu: kazi ile inataka mtu anayezijua njia na mitaa kwa kichwa, na hilo halifundishwi kwa amri ya kijeshi. Benki zilikwama, hata barua za kuwaita vijana jeshini zilikwama. Baada ya siku nane mgomo ukaisha, na hakuna aliyefukuzwa. Mshahara ukapanda, miaka 21 ikawa minane, na sheria ya Agosti mwaka huohuo ikawapa haki ya kujadiliana mishahara. Haki ya kugoma hawakupewa.

Waongoza ndege walidhani nao hawana mbadala. Chama chao, PATCO, kilikuwa kimemuunga mkono Ronald Reagan katika uchaguzi wa urais wa 1980, naye akashinda. Walipogoma Agosti 1981 aliwapa saa 48 wawe wamerudi kazini, kisha akawafukuza zaidi ya 11,000. Wasimamizi, wasiogoma na waongoza ndege wa jeshi wakashika vituo, safari zikapunguzwa, lakini ndege ziliruka. PATCO ikafutiwa utambuzi wa kuwa chama cha waongoza ndege.

Mwaka 1987, wale walioajiriwa kuziba nafasi hizo, wakilalamikia uchovu na uhaba wa watu, waliunda chama chao wenyewe.