Udongo mwekundu unalishwa lini: mhadhara kuhusu bustani ya nyumbani Lubumbashi

Jambo yenu, mama zangu na baba zangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma. Sogeeni, huku mbele kuna nafasi.

Tuko mwisho wa mwezi wa tisa. Vumbi limejaa, joto linapanda, na mvua ya kuaminika haitatufikia kabla ya katikati ya mwezi wa kumi na moja. Manyunyu ya mwezi wa kumi yasimdanganye mtu kutupa mbegu zake. Najua wengi mmekuja na swali la mbolea gani ya kuweka. Nitalijibu, lakini kwa mji huu swali lenye uzito zaidi ni lini. Sisi tuna mvua ya msimu mmoja: karibu milimita 1,200 za mwaka mzima zinashuka hasa kati ya mwezi wa kumi na moja na wa tatu, kisha kuanzia wa tano hadi wa tisa mbingu zinafungwa. Kalenda ya shangazi yako wa Bukavu, mwenye misimu miwili ya kupanda, ukiileta hapa itakupotezea mbegu.

Shikeni huu udongo, mpitishiane. Ni mwekundu kwa sababu ya chuma. Mvua imeuosha miaka maelfu kwa maelfu, ikaondoka na kalisiamu na magnesiamu, ikaacha chuma na alumini. Ni mchachu, mara nyingi pH yake, yaani kipimo cha uchachu, iko karibu na 5. Katika uchachu wa namna hiyo fosforasi inang'ang'aniwa na chuma na alumini, na mzizi hauipati hata ukimwaga samadi toroli nzima. Tena ni udongo usio na mikono ya kushikia chakula: nitrojeni unayoiweka leo, mvua kubwa mbili tatu zinaishusha chini ambako mzizi wa lenga-lenga, yaani mchicha, haufiki. Ndiyo maana nasema, kwanza punguza uchachu, halafu lisha, na wakati wa mvua ulishe kidogo kidogo.

Kupunguza uchachu ni kazi ya wiki hii. Chokaa ya shambani, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, inahitaji wiki 4 hadi 6 udongoni kabla ya kupanda. Mawe hayo si ya mbali, yako Kakontwe karibu na Likasi. Kwa tuta la mita 10 kwa 1 weka kilo 2 hadi 3, changanya mpaka kina cha sentimita 15 au 20, na usirudie kabla ya miaka 2. Chokaa ya kupaka ukutani ni kitu kingine. Ile imechomwa, ni kali, na kilimo cha asili hakiikubali udongoni.

Kuna kosa ninaloliona kila mwaka. Mtu anamwaga chokaa na samadi mbichi ya kuku siku moja. Harufu inampanda puani, anafurahi, anasema mbolea hii ina nguvu kweli. Ile harufu ni amonia, ni nitrojeni inayopaa hewani, na pesa yake inapaa nayo. Acha wiki 3 kati ya chokaa na samadi.

Asiyepata chokaa ana jivu la mbabula, yaani jiko la makaa. Lipepete, uweke kilo 1 kwa tuta lile lile la mita 10, mara moja kwa mwaka; likizidi hapo udongo unaota chumvi. Lakini mbabula iliyowashwa kwa sashe za plastiki, jivu lake usilipeleke bustanini hata kijiko kimoja.

Halafu tuna kichuguu. Vile virefu, vinavyofika mita 5 na zaidi, ni kazi ya mchwa anayeitwa kitaalamu Macrotermes falciger. Anapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, na humo kalisiamu inajikusanya miaka na miaka. Wafyatua matofali wanaupenda kwa ule mfinyanzi, sisi tunaupenda kwa kalisiamu. Ukichimba ndani utakuta vijiwe vyeupe vyeupe. Chukua kimoja, kiponde, dondoshea siki. Kikitoa povu, hiyo ni chokaa. Kausha udongo wa kichuguu, uponde mpaka uwe laini, weka ndoo 4 za lita 20 kwa tuta la mita 10. Usiongeze kwa tamaa: mfinyanzi ukizidi, uso wa tuta unafunga, maji ya mvua yanasimama na mbegu zinaoza kabla hazijatoka.

Sasa mboji. Lundo hili hapa lilianzishwa mwezi wa sita. Msingi wake ni mita 1 kwa 1, na lilipoanza lilikuwa na urefu wa mita 1. Chini kuna mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, sentimita 20. Juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, sentimita 10. Kisha samadi sentimita 5, na udongo kiganja kiganja. Tabaka zinarudiwa mpaka juu, kila moja ikinyweshwa maji. Mama, ingiza mkono hapa, chota, kamua. Umeona? Yametoka matone mawili. Hapo ndipo penyewe. Yakitiririka, lundo limelowa, litanuka kama yai bovu, na dawa yake ni kuligeuza na kuongeza mabua makavu. Lisipotoa hata tone, wadudu wadogo wanaolipika wamelala. Hiyo ndiyo shida ya kiangazi chetu: lundo linakauka, usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi, kwa hiyo mboji ya kiangazi inachukua miezi 4, wakati ya mvua inachukua 3. Choma panga katikati ya lundo siku ya tano, uliache dakika 10, ulichomoe. Bapa lake liwe la moto hata usivumilie kulishika. Joto hilo, nyuzi 55 hadi 65, ndilo linaloua mbegu za magugu. Geuza wiki ya 2, ya 4 na ya 7. Mvua zikija, lifunike kwa bashi, yaani turubai, la sivyo chakula chote kinaoshwa kabla hujakitumia.

Hesabuni basi. Anayeanzisha lundo leo atakula matunda yake mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Asiye na lundo, kwa kupanda mwezi wa kumi na moja atumie samadi ya kuku iliyolazwa wiki 6 chini ya bashi: ndoo 1 kwa tuta la mita 10. Ya mbuzi au ya ng'ombe ni ndoo 3. Msiitawanye juu ya tuta. Ichimbieni ndani ya mstari, muifunike na sentimita 3 hivi za udongo, ndipo mpande juu yake.

Wakati wa mvua, tuta liwe juu, sentimita 25 hadi 30, na mifereji iwe wazi. Hapo ndipo mahali pa lenga-lenga, ngai-ngai (yale majani machachu), matembele, gombo (bamia), mahindi ya kuchoma. Kuanzia wiki ya 3 baada ya kuota, zipeni mboga chakula cha maji. Tia kilo 2 za samadi kavu ya kuku ndani ya kifuko, kizamishe ndani ya ndoo yenye lita 20 za maji, koroga kila siku kwa siku 7. Kisha kipimo 1 cha maji hayo kwa vipimo 3 vya maji safi, rangi iwe kama chai ya rangi. Mimina chini, siyo juu ya majani, lita 2 au 3 kwa mita mraba, kila wiki 2. Ukikuta mvua imepiga mfululizo siku tatu nne, usingoje zamu. Lenga-lenga ina kipimo chake rahisi: kila unapoikata, ilishe siku hiyo hiyo. Mtu anayekata mara tatu bila kulisha asishangae majani yakiwa madogo na maua yakitoka mapema.

Kuanzia mwezi wa kumi na mbili alizeti ya pori imechipua kando ya barabara na kwenye nyua, ile ya maua ya manjano. Iteni Tithonia mkipenda. Ikateni kabla haijatoa maua, majani na vijiti laini tu. Ikikaushwa, majani yake yana nitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu 4, kiasi ambacho samadi ya ng'ombe haifikii. Fukieni kilo 1 hadi 2 za majani mabichi kwa mita mraba, kina cha sentimita 10, wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Ni chakula cha bure, na watu wanakichoma moto.

Maharagwe myaache na njaa kidogo. Yanajitafutia nitrojeni hewani kwa vifundo vya mizizi. Ukiyalisha samadi ya kuku, yatakupa majani mazuri bila maganda. Yapandeni mwisho wa mwezi wa kwanza au mwezi wa pili, yakauke mvua zinapokwisha.

Tomati ya mvua, kusema kweli, mimi naiona ni kamari. Bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya majani, inaiharibu. Anayeitaka aifunge kwenye mti, aondoe majani yote ya chini mpaka sentimita 30 kutoka ardhini, aweke nyasi kavu chini ili tone la mvua lisirushe udongo juu ya majani.

Bustani yenyewe ya mboga za Kizungu, kabichi, shu ya Kichina, vitunguu, karoti, tomati, ni ya kiangazi. Kitalu kinaanza mwisho wa mwezi wa tatu, miche inahamishwa mwezi wa tano. Hapo mambo yanageuka. Mvua haipo, wewe ndiye mvua, kwa hiyo chakula hakikimbii. Weka ndoo 3 za mboji kwa tuta la mita 10, mara moja, na tuta lishuke: liwe bakuli la sentimita 5 chini ya njia, maji yabaki humo. Mwezi wa sita lita 4 kwa mita mraba kila siku zinatosha; mwezi wa tisa na wa kumi fika 6. Arozwari, yaani kopo la kumwagilia, ya lita 10 basi inamaliza chini ya mita mbili. Funika kwa nyasi kavu, ila acha sentimita 10 kuzunguka shina, maana mchwa wa kiangazi akimaliza nyasi anahamia kwenye kabichi.

Mwezi wa saba majani ya kabichi yanaweza kugeuka zambarau. Watu wanakimbilia samadi. Mara nyingi ni baridi tu: udongo ukiwa na baridi, mzizi hauvuti fosforasi, na wadudu wanaopika mboji wamepunguza kazi. Ngojeni mpaka katikati ya mwezi wa nane, rangi itarudi. Tomati kuoza chini, kwenye kitako, hilo nalo si njaa ya samadi: ni kalisiamu isiyofika kwenye tunda kwa sababu leo umemwagilia, kesho na keshokutwa umesahau. Na kabichi inayonyauka mchana, ukiing'oa ukakuta mizizi imevimba kama mihogo midogo, usipande jamii ya kabichi hapo kwa miaka mingi, na tuta hilo litiwe chokaa kabla ya kila kitu.

Kuna karatasi imenifikia hapa inauliza juu ya kiwanja kilicho karibu na shemine, lile bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyusha shaba. Shaba imeyeyushwa katika mji huu tangu 1911, na upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi la madini lililala zaidi upande wa kaskazini-magharibi, Penga Penga na jirani zake. Chokaa na mboji vinaishika shaba isipande kwa wingi kwenye mboga, lakini haviiondoi. Aliye upande huo ajenge tuta la kuinua, sentimita 40, kwa udongo uliotoka mbali, apande zaidi mboga za matunda kama impwa (nyanya chungu) na gombo kuliko za majani, kwa kuwa jani linabeba madini zaidi, na lenga-lenga inavuta sana kadimiamu. Majani yaoshwe kwa maji mengi mara mbili tatu, kwa sababu sehemu ya madini ni vumbi lililokaa juu yake. Maji ya mto unaopita kwenye viwanda vya kusafisha madini yasiguse bustani.

Baba wa kofia nyeupe ameuliza juu ya samadi na saladi. Kinacholiwa kibichi, samadi mbichi iwekwe miezi 3 kabla ya kuvuna. Saladi, karoti na vingine vinavyogusa udongo, miezi 4. Ile chai ya samadi kwenye saladi isitumike kabisa.

La mwisho, dawa ya buluu ya Bordeaux kwa tomati. Ni kweli, kilimo cha asili kinairuhusu. Lakini ile buluu ni shaba. Hata Ulaya, tangu 2019, mkulima amewekewa ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta kwa miaka 7. Kwa hiyo kupulizia shaba juu ya udongo wa Lubumbashi mimi sikubaliani nako. Jani la chini likianza madoa, likate asubuhi umande ukishakauka, ulitie ndani ya mfuko hapo hapo bila kuliburuta juu ya majani mengine, ukalifukie mbali na tuta. Katika lundo la mboji lisiingie.