Kikapu cha Mary Adams na draya ya mama

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Tumekutana kuwaenzi wasanii wa Iroquois, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, watu ambao wenyewe hujiita Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Ni mataifa sita yaliyoungana, na leo wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Kanada.

Nitakaa zaidi na Mary Adams, Mmohawk, yaani wa taifa mojawapo kati ya hayo sita, kutoka eneo lao la Akwesasne, aliyefariki mwaka 1999. Alikuwa msusi wa vikapu. Kazi hiyo huanzia kwenye gogo. Mti wake ni wa jamii ya mzeituni, unaoota kwenye vinamasi. Gogo hupondwa kutoka mwanzo hadi mwisho mpaka pete za umri wake ziachane, zibanduke moja moja. Hizo ndizo hupasuliwa kuwa chane, zikaparuzwa mpaka zilainike, kisha zikasukwa pamoja na nyasi zinazonukia. Mliowahi kusuka ukili mnajua vidole vinavyosema usiku. Mwaka 1986 mama huyu akatoa kikapu chenye umbo la keki ya harusi, ngazi juu ya ngazi, na leo kimo katika mkusanyo wa makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Sasa niambieni: hiyo ni sanaa ya jadi au ya kisasa?

Ushanga nao una kesi hiyohiyo. Karne ya 19 wanawake wa Tuscarora, taifa jingine kati ya yale sita, waliwauzia watalii wa maporomoko ya Niagara vipochi na vimto vya kuchomekea sindano, vimejaa ushanga wa kioo uliotoka Ulaya. Wakusanyaji wengi walivibeza kuwa vitu vya watalii. Mimi dharau hiyo siielewi; vimto vile vililisha watoto, na mkono uliovishona ulikuwa uleule wa bibi zao.

Nimalizie na Shelley Niro, Mmohawk, mpiga picha. Mwaka 1991 alimpiga mama yake picha akiwa chini ya draya ya nywele, anacheka. Jina aliloipa ni sentensi kavu kama ya kitabu cha shule: kwamba Iroquois ni jamii iliyoendelea sana, inayotawaliwa na akina mama. Utani, lakini si uongo. Kwao ukoo hufuata upande wa mama, na mama wa ukoo ndiye humteua chifu. Chifu akiharibu, mama huyohuyo ndiye humvua cheo.

Naomba taa zizimwe, tumwangalie.