Abiria wa Liemba Wameandikwa Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Naona wengine mmekuja moja kwa moja kutoka mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, bila hata kupitia nyumbani. Ahsanteni sana.

Nimeombwa nisimulie kongamano nililohudhuria kule Long Beach, Marekani, la watu wanaopenda historia ya meli kubwa za abiria. Msidhani walikuwa manahodha. Wengi ni walimu wastaafu, wauguzi, mafundi umeme, watu waliojilipia nauli ili wakae siku tatu wakizungumzia meli, asubuhi hadi usiku. Tulikutania ndani ya meli yenyewe, Queen Mary. Ilianza safari zake 1936 kati ya Southampton na New York, na tangu Desemba 1967 imefungwa pale Long Beach. Leo ni hoteli na makumbusho. Urefu wake ni kama mita 310. Liemba yetu, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, ina mita 71, kwa hiyo hata ukipanga Liemba nne mkia kwa kichwa, Queen Mary bado inabaki mbele.

Wenzetu wale wana msimamo mkali kwenye jambo moja. Meli ya kitalii kwao ni habari nyingine, kwa sababu inakuzungusha halafu inakurudisha ulikopandia. Wao wanapenda meli ya ratiba, iliyompeleka mtu alikokuwa na haja ya kwenda: mhamiaji, mfanyabiashara, mama anayemfuata mume. Ndege za jeti zilipoanza kuvuka Atlantiki 1958, kazi hiyo ikaanza kuzikimbia meli. Niliposikia maelezo hayo nikanyoosha mkono. Nikasema, kwa kipimo hicho nyumbani kwetu tunayo moja, ila yetu ni ya ziwani.

Wakanipa nafasi ya kuzungumza. Ndugu zangu, nilizungumza vizuri! Niliwaeleza ilivyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, kwa jina la aliyekuwa gavana wa Kijerumani huku. Ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa kwenye makasha yanayotajwa kuwa 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati hadi hapa. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili kutoka Papenburg wakasimamia kuiunga upya, na Februari 1915 ikashushwa majini. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito, kama mtu anayeweka akiba. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa upande wa kusini wa ziwa hili.

Walipiga makofi. Ndipo mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akauliza: “Abiria wa daraja la tatu walikula nini, na nani alipika?”

Nikakosa jibu la kutosha. Niliwajua mafundi watatu wa Kijerumani. Mpishi hata mmoja wa Liemba sikumjua kwa jina, mimi niliyezaliwa hapa Mwanga, niliyeusikia mlio wa honi yake tangu sijaanza shule.

Baada ya kikao yule mama aliniita mezani kwake. Alikuwa na kadi ya chakula ya Queen Mary, imekunjika pembe, rangi imekuwa ya chai. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na mistari miwili ya kalamu ya risasi: mama yake aliandika kwamba mtoto ametapika usiku kucha na mhudumu amemletea tangawizi. Basi. Mtoto yule ni yeye mwenyewe. Kadi hiyo ameitunza kwenye bahasha ya plastiki, na anasafiri nayo.

Nataka mlione jambo hilo kama nilivyoliona. Queen Mary ilibeba watu 16,683 katika safari moja ya Julai 1943, wakati wa vita, na hesabu hiyo utaikuta kila mahali. Mistari miwili ya tangawizi ipo mahali pamoja tu. Bila yule mama, imepotea.

Siku ya mwisho ilikuwa nzito. Walizungumzia SS United States, meli iliyovuka Atlantiki 1952 kwa siku tatu, saa kumi na dakika 40, rekodi ya mwendo. Februari 2025 ilivutwa kutoka Philadelphia ikaandaliwe kuzamishwa, iwe makazi ya samaki. Wazee wazima walilia. Lakini hata wakilia, michoro, picha na barua za mabaharia wake wanazo.

Sisi tuna nini? Liemba ilisimama kutoa huduma 2018. Imewabeba wakimbizi wa Kongo kurudi kwao 1997. Mwaka 2015 imewachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga, kijiji cha mpakani. Kwa miaka mingi imeteremka hadi Mpulungu, Zambia, ikisimama katikati ya maji kwenye vijiji visivyo na gati, mitumbwi ikiifuata gizani, watu wakipandisha mawese, dagaa, kuku, watoto, wote kwa mlango mmoja wa ubavuni. Nani ameandika jinsi mama alivyompokea mtoto wake juu huku mtumbwi unayumba? Vita vyake vimeandikwa sana, na wengi walioandika hawajawahi kulala juu ya magunia kwenye sitaha yake.

Kwa hiyo leo sikuja na picha za ukutani. Nimekuja na daftari hili, kaunta buku ya kurasa nyingi, na kinasa sauti. Mwenye tiketi ya zamani aje nayo, tutaipiga picha na kumrudishia palepale. Mwenye jina la mpishi, la mpakia mizigo, la serahangi, msimamizi wa mabaharia, alitaje.

Wakati tunapanga viti, mama yule aliyekaa karibu na dirisha ameniambia kwamba safari yake ya kwanza alishuka Kasanga usiku na magunia saba ya dagaa, na mtu aliyempokelea magunia kwenye mtumbwi anamkumbuka kwa jina. Mama, naomba uje ukae hapa. Tuanze na jina hilo.