Usiku Mmoja Seronera Bila Uzio

Ndugu wasikilizaji, leo nazungumzia kambi za umma za Seronera, katikati ya Serengeti, kwa anayekwenda na gari lake. Kambi hizo hazina uzio. Simba na fisi hupita katikati ya mahema, na usalama wako unategemea mambo madogo unayoyafanya kabla jua halijazama.

Hesabu ya muda inaanzia geti la Naabi, unapoingilia Serengeti ukitokea Ngorongoro. Kibali cha anayelala ndani huhesabiwa saa 24 tangu kuingia. Ukiingia saa nane mchana, unapata jioni, usiku na asubuhi nzima, kisha unatoka bila kukimbizana na muda. Barabara ya changarawe inayotoka Ngorongoro ina mikunjo kama bati, nayo hulegeza nati na mizigo ya kwenye keria. Punguza upepo wa tairi kidogo, endesha polepole, ujaze tena ukirudi kwenye lami. Beba spea mbili na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Udongo mweusi ukilowa, jeki huzama na gari halinyanyuki.

Hema lisimame mapema, kukiwa bado kweupe. Kagua ardhi kwanza: nyasi zilizolala kwa mstari na kinyesi kibichi maana yake ni njia ya wanyama, sogea. Chini ya migunga fagia miiba, la sivyo itatoboa sakafu na godoro la upepo. Gari liegeshe hatua chache tu kutoka mlango wa hema.

Sasa chakula, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kambini kuna jiko lililozungushiwa nondo na wavu. Pikia humo, kula humo, osha vyombo humo humo. Usiingize hemani hata chungwa moja: tembo hulinusa, na turubai halimzuii. Dawa ya meno na sabuni yenye harufu zifungiwe garini. Viatu vya ngozi viingie ndani, kwa sababu fisi huvibeba na kuvitafuna. Ndoo ya maji nayo isibaki nje. Kiangazi maji huwaita wanyama wenye kiu.

Zipu ifungwe mpaka mwisho. Uwazi wa vidole viwili unamtosha nge. Ukibanwa haja usiku, usifungue kwanza. Mulika kupitia chandarua cha dirisha, pande zote, polepole. Macho yakiwaka gizani, baki ndani na utumie chupa yenye mdomo mpana uliyoiandaa mapema. Simba akipita karibu, tulia. Mara nyingi hulipita hema na kwenda zake. Hatari kubwa ni mtu anayetoka mbio.

Saa kumi na mbili asubuhi uwe barabarani kando ya mto Seronera. Vaa kaki, maana bluu na nyeusi huwavuta mbung'o. Wanaotafuta madoa ya chui kwenye majani hawamwoni. Tafuta mkia: kamba nene inayoning'inia wima chini ya tawi la ulalo la mwegea au mgunga, ncha ikiwa imejikunja kidogo. Kama mkia hauonekani, waangalie swala. Wakiacha kula na wote kuelekeza masikio upande mmoja, zima injini, fuata wanakotazama, na usubiri dakika 20 kabla hujaondoka.