Jiwe Linaloshika Ulimi

ZUHURA: Karibuni tena. Kamau, uliponitumia ile picha Jumanne, ulimi nje, jiwe jeupe limening'inia, hukuandika hata neno moja. Waeleze wenzetu.

KAMAU: Nilikuwa Kariandusi, dada, pale karibu na Gilgil. Nikaokota kipande cha diatomaiti, kikubwa kama ngumi lakini chepesi ajabu. Mzee mmoja wa pale akaniambia, hebu liguse kwa ulimi. Likanasa!

ZUHURA: Mpaka ukalivuta?

KAMAU: Nikalivuta. Lile jiwe ni maganda ya mwani wa ziwa la kale, mwani mdogo usioonekana kwa macho. Ganda lenyewe ni silika, kitu kilekile cha kioo, na limejaa matundu. Sehemu kubwa ya jiwe ni hewa tu, kwa hiyo likikuta mate linayafyonza. Sasa leo tumepanga mambo matatu: kusaga, kuchoma, na kupima, mpaka tupate kauri ya kuweka ndani ya kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji ya umeme.

ZUHURA: Kwetu Mombasa pemba, ule udongo wa kula, inashika ulimi hivyohivyo.

KAMAU: Odowa! Wamama wajawazito wananunua sokoni.

ZUHURA: Na kigae cha mtungi pia. Ndiyo maana mtungi unatoa jasho na maji yanapoa. Lakini kile kikombe cheupe cha juu ya nguzo ya stima, kikivunjika, gusa pale palipovunjika: hakishiki. Kimechomwa mpaka vinyweleo vikazibika.

KAMAU: Umeshawahi kukigusa?

ZUHURA: Nimegusa. Wafinyanzi wanapima hivyo tangu zamani. Tena jambo hili ndilo linalokwamisha mpango wako. Waambie, katikati ya bamba mbili za kapasita panatakiwa nini?

KAMAU: Kitu kisichopitisha umeme, ila kinachosaidia bamba kubeba chaji zaidi. Hicho ndicho daielektriki. Kipimo cha msaada huo, tukiipa hewa 1, silika iliyoyeyushwa inapata karibu 4, na bariamu titaneti, kauri ya kapasita za kisasa, inapita 1,000.

ZUHURA: Na maji?

KAMAU: Najua unakonipeleka.

ZUHURA: Maji ni karibu 80! Kipande chako kikilala mezani kwangu usiku mmoja, unyevu wa pwani utakiingia. Asubuhi unapima, thamani imepanda, unashangilia. Kumbe umepima maji. Na umeme unavuja humo, kipande kinapata joto.

KAMAU: Unakikausha kwenye oveni, nyuzi 110, unakipima kikiwa bado cha moto.

ZUHURA: Halafu utamuuzia mtu kapasita na oveni yake?

KAMAU: Ndiyo maana nasema tusiiache na matundu. Tuisage, tuichanganye na ulanga, yaani talki, udongo mweupe na alumina, oksidi ya aluminiamu, tuchome kwa nyuzi 1,300 na kitu hivi. Inazaliwa kauri iitwayo kodieraiti, kipimo chake karibu 5, na ulimi haushiki.

ZUHURA: Hapo umeua kile ulichokifuata Kariandusi. Kama matundu yanakufa, chukua mchanga. Mchanga nao ni silika.

KAMAU: Mchanga ni fuwele, na chembe zake ni kubwa. Silika ya diatomaiti haina fuwele na ni laini sana, kwa hiyo inaungana na wenzake upesi zaidi tanurini. Kuni na gesi ni pesa, dada.

ZUHURA: Na ule udongo na chuma vilivyomo ndani ya jiwe? Chuma kinaongeza upotevu wa umeme. Utatumia tindikali kukisafisha, na tindikali nayo ni pesa.

KAMAU: Bariamu titaneti yenyewe iligunduliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mika ya kutoka India, yale madini ya kapasita za siku hizo, ilipokuwa adimu. Watu walilazimika kujaribu kingine.

ZUHURA: Walipata kitu kilichoishinda mika mbali sana. Wewe unanipa 5, na mika ina 5 mpaka 7 bila kuwasha tanuri.

KAMAU: Mika inachambuliwa karatasi kwa karatasi. Unga unaufinyanga umbo unalotaka.

ZUHURA: Sikubali.

KAMAU: Wala mimi.

ZUHURA: Jamani, tuna dakika mbili, na hata kusaga hatujafika.

KAMAU: Basi niseme moja tu, maana hili ni la uhai. Diatomaiti ikichomwa kwa joto kali inageuka kristobalaiti, silika yenye fuwele. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu. Saga ikiwa na maji, vaa barakoa ya vumbi laini. Kitambaa hakitoshi.

ZUHURA: Hapo nakuunga mkono kabisa. Kuchoma na kupima?

KAMAU: Hatuna muda. Hata ile rangi yenye madini ya fedha, ya kupaka pande mbili ziwe bamba, sijaigusa.

ZUHURA: Niletee kipande kilichochomwa nikiweke dirishani wiki nzima, upepo wa bahari ukipige. Halafu tupime.

KAMAU: Nitaleta viwili, kimoja cha mchanga. Haya, muda umekwisha.